Barua: Pimeni mashine kwenye laini mbovu kabla ya kulipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu wa Nyakato aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba mashine za mawasiliano zinazoletwa Kanda ya Ziwa ni feki. Hoja yake ni kwamba Dar es Salaam zilifanya kazi mbele ya macho yake, zilipofika huku zikagoma, basi kuna mtu kabadilisha maboksi njiani. Ndugu yangu, hakuna aliyebadilisha boksi. Mashine ni zile zile. Kilichobadilika ni laini iliyochomekwa nyuma yake, na hiyo hakuna aliyekumbuka kuijaribu.

Nina haki ya kulisema hili. Kwa miaka mingi nilikuwa na meza ya ufundi Kirumba, si mbali na uwanja wa mpira, nikitengeneza faksi na modemu, yaani vifaa vya kuunganisha kompyuta na laini ya simu. Wateja walikuwa viwanda vya minofu ya sangara, wanunuzi wa pamba, ofisi za meli, watu wa madini waliokuwa wakielekea Geita, na masista waliokuwa na barua pepe kabla ya wengi wetu kujua ni kitu gani. Mwanamke kushika chuma cha lehemu kulikuwa kichekesho kwa baadhi yao, mpaka mashine zao zilipokufa siku ya kutuma ankara. Baada ya hapo nikawa "mama fundi" na kicheko kikaisha.

Muuzaji wa mashine alikuwa na mtindo wake, na naona haujabadilika. Anakuja na mashine mbili, anaziweka meza moja, anaziunganisha kwa kiswichibodi kidogo cha ofisini na waya wa mita chache. Karatasi inaingia huku, inatoka kule, safi, bosi anatikisa kichwa, hundi inaandikwa. Jaribio hilo linathibitisha kwamba mashine zinasikilizana zikiwa chumba kimoja. Hakuna mvuvi wa Kayenze anayenunua mtumbwi kwa kuujaribu ndani ya beseni, lakini ofisi nzima zenye wahasibu na wanasheria zilinunua faksi kwa namna hiyo.

Laini ya simu ya shaba hupitisha sauti kuanzia hezi 300 hivi (yaani mitetemo 300 kwa sekunde) hadi 3,400. Kwa maongezi inatosha. Modemu na faksi zinageuza namba kuwa sauti ili zipite humo humo, na kadiri zinavyotaka kwenda kasi ndivyo zinavyouhitaji upana huo wote. Modemu ya kale ya kiwango cha V.21, biti 300 (yaani sifuri na moja 300) kwa sekunde, ilitumia kipande kidogo tu katikati. V.34 ya mwaka 1994, biti 28,800, inautaka karibu wote, ukingo hadi ukingo. Sasa waya wa milimita 0.4 unaotoka kwenye kabineti ya simu ya mtaani kwenda kwa mteja una ukinzani wa omu 280 hivi kwa kila kilomita, kwenda na kurudi, na sauti nyembamba humezwa humo kuliko sauti nene. Ukifika mbali, tuseme mteja aliye pembeni kabisa ya mji, ukingo wa juu umeshaliwa. Binadamu atasema tu, "Mbona unasikika mbali?" na maongezi yanaendelea. Modemu haiulizi, inashusha kasi au inakata.

Hapo sijagusa kelele. Anga ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa zenye radi nyingi duniani, na ngurumo za ziwani hupenda usiku na alfajiri. Radi ikipiga hata mbali, kwenye waya unasikia "ta!" fupi. Sikio linaipuuza. Lakini mkwaruzo wa milisekunde 10 tu, kwa faksi inayokwenda biti 9,600 kwa sekunde, umefuta biti 96, na katika faksi isiyo na mpango wa kusahihisha makosa huo ni mstari mweusi unaokata katikati ya bei. Nimewahi kuona ankara ambayo mstari wa namna hiyo ulipita juu ya tarakimu moja, na pande mbili zikabishana juma zima kama ni 3 au 8.

Kulikuwa na kasoro za siri zaidi. Mitambo ya zamani iliyobeba simu nyingi kwenye njia moja ya redio ilikuwa na tabia ya kuisogeza sauti juu au chini kwa hezi chache. Hakuna mtu anayesikia tofauti hiyo. Viwango vya V.22 na V.32 vinataka modemu ivumilie hadi hezi 7, na si kila iliyoandikwa V.32 kwenye boksi ilivumilia. Simu za Ulaya zilizopita kwenye setilaiti zilikuja na mwangwi: setilaiti iko juu kilomita 36,000 hivi, sauti kupanda na kushuka ni karibu robo sekunde, na mwangwi wako unakurudia baada ya nusu sekunde. Ule mlio mrefu wa hezi 2,100 unaousikia faksi inapopokea wengi wanaudhania ni salamu. Una kazi nyingine: unaiamuru mitambo ya njiani iliyowekwa kukandamiza mwangwi wa watu ijizime, maana ingekata sauti ya mashine katikati.

Kwa hiyo nilijenga laini mbovu yangu mwenyewe, ndani ya kisanduku, mezani.

Najua inachekesha, fundi kutumia pesa kutengeneza ubovu wakati nje upo bure. Lakini ubovu wa nje una shida moja kubwa, haurudii. Leo asubuhi laini ina mikwaruzo, muuzaji akifika saa tano jua limewaka, jointi zimekauka, laini imetulia, naye anasema, "Mama, si unaona? Mashine haina tatizo, ni mpya kabisa." Kesho mvua inarudi na yeye yuko kwenye basi la Shinyanga. Huwezi kubishana na mtu kwa kitu kinachobadilika kila saa. Unahitaji ubovu unaopimika, unaouzungusha kwa swichi, na ambao utakuwa vile vile mwezi ujao kwa mashine nyingine.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na vipande vya waya bandia. Kila kipande kiliwakilisha kilomita moja: rezista za omu 140 kwenye kila mguu, na kapasita ya nanofaradi 50 hivi kati ya miguu miwili. Si hesabu kamili ya waya wa kweli, lakini kwa masafa ya sauti inakaribia vya kutosha. Swichi ya kuzungusha ilichagua kilomita ngapi ziingie njiani. Umeme wa laini, volti 48, na mlio wa kuita vilitoka kwenye kiswichibodi cha zamani nilichokiokoa kwenye ofisi iliyokuwa inahama. Kelele ya mfululizo niliipata kwenye redio ya betri iliyoachwa kati ya stesheni mbili, ule mvumo wa "shhh", ikiingizwa kwenye laini kupitia transfoma ya omu 600, na sauti yake inapandishwa na kushushwa kwa kitufe kile kile cha redio. Nilikibandika alama za kalamu ili nijue niliishia wapi.

Kilichonipa heshima mjini, lakini, ni kaseti. Masika moja nilimpigia fundi mwenzangu wa Misungwi, akaufunika mkono wa simu yake kwa kitambaa na kuiacha laini wazi, nami huku nikaunganisha redio kaseti kwenye laini na kurekodi upande mzima wa ngurumo, mikwaruzo na minong'ono ya watu wa laini ya jirani inayovuja. Nikaandika juu yake "MVUA USIFUTE" kwa herufi kubwa, maana nyumbani kulikuwa na vijana wa kwaya ambao kaseti yoyote ikizagaa ni mali yao. Kuanzia hapo kila mashine iliyokuja mezani ilinyeshewa mvua ile ile, radi zile zile, kwa mpangilio ule ule. Muuzaji akisema mashine yake ni bora kuliko ya mwenzake, namwambia, "Sawa mwanangu, tuicheze kaseti."

Utaratibu nao una maana yake. Ukiingiza kila kitu kwa mara moja, mashine inakata na hujui imeuawa na nini. Nilianza na urefu peke yake, kelele imezimwa: kilomita moja, mbili, tatu, naandika daftarini inaposhusha kasi na inapokata. Narudisha urefu mfupi, naongeza mvumo wa redio taratibu mpaka ianguke, naandika. Kisha kaseti. Baada ya hapo ndipo nachanganya, na hapo ndipo uongo wa boksi unapotoka. Mashine nyingi hushinda kila kasoro ikija peke yake. Kilomita nne si kitu, mvumo wa kiasi si kitu. Vikiungana viwili, mashine ya bei kubwa inalala na ya bei ndogo wakati mwingine inapita. Mwangwi wa setilaiti sikuweza kuutengeneza kwa vifaa vyangu. Kwa huo nilisubiri mteja anayetaka kupiga nje kweli, nikasikiliza pembeni.

Na usitazame tu kama imeunganika. Tazama inavyoanguka. Faksi kabla ya kutuma ukurasa humtumia mwenzake jaribio la sekunde moja na nusu, sifuri tupu kwa kasi inayoitaka. Mwenzake akiona sifuri zimechafuka anamkatalia, na mtumaji mwenye akili anashuka: 14,400, 12,000, 9,600, 7,200, mpaka 4,800 na 2,400 ikibidi. Kiwanda kimoja cha minofu kilinunua faksi mpya ya 14,400 yenye karatasi ya kawaida, kikaistaafisha ile ya 9,600 ya karatasi ya rola inayofifia. Ile mpya ikawa inakata karibu kila ikipiga Ulaya. Minofu iko kwenye barafu, ndege ina saa yake, na karatasi za mzigo hazijafika kwa mnunuzi. Waliniletea wakiwa wameshaamua kwamba ni feki. Kwenye kisanduku, kilomita tatu na kaseti ikilia, nikaona tatizo lake: ilikuwa ikikataliwa kwa 14,400 inajaribu tena kwa 14,400 ile ile, halafu inakata simu. Haikuwa feki, ilikuwa inajiamini kupita kiasi. Ndani ya menyu kulikuwa na mahali pa kuchagua kasi ya kuanzia. Nikaishusha hadi 9,600 na ikapita mvua yote. Kama wangeomba jaribio la namna hiyo kabla ya kulipa, wangeliambiwa hilo dukani.

Kuna na suala la gharama ambalo wauzaji hawalisemi. Mashine yenye kusahihisha makosa hukata ukurasa katika vipande vya baiti 256, na kila kipande kilichoharibika hutumwa tena. Ukurasa unafika safi. Lakini kwenye laini mbovu ukurasa wa dakika moja unaweza kuwa wa dakika tano, na simu ya nje ulikuwa unailipia kwa muda. Wateja wangu wengine niliwazimia kabisa mpango huo, wakakubali mistari miwili mitatu kwenye barua za kawaida, na kuuwasha kwa hati za fedha tu. Huwezi kufanya uamuzi huo bila kujua laini yako inaharibu vipande vingapi, na kisanduku ndicho kilichokuwa kinatuonyesha.

Sasa nirudi kwa wale watakaosema mtengenezaji huko ughaibuni ameshapima. Ni kweli, amepima, tena kwa vyombo ambavyo mimi niliviona kwenye vitabu tu. Marekani kampuni ya TAS iliuza vifaa vya kuiga laini ya simu na kila ugonjwa wake: kelele, mtikisiko, mwangwi, sauti kukatika. Mwaka 1994 chama cha viwanda vya mawasiliano cha huko, TIA, kilitoa mwongozo wa TSB-37A: waya za mteja za aina 7, mchanganyiko wa kasoro 24, jumla njia 168 za kujaribu modemu. ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, ikafuata mwaka 1995 na mwongozo wake wa V.56bis. Kazi nzuri sana, na ningependa kila fundi kijana aijue. Ila kila njia kati ya hizo ilipewa uzito kufuatana na jinsi laini za namna hiyo zilivyo nyingi katika mtandao wa kwao. Modemu iliyopata alama za juu imepata alama za juu kwa wastani wa Marekani. Waya wa Sengerema wenye jointi iliyofungwa kwa nailoni, au nguzo ya Magu iliyoliwa na mchwa ikainama mpaka nyaya zikagusana upepo ukivuma, haumo katika wastani huo. Ile laini mbaya kabisa ambayo kwao ni ya wachache na inaongeza alama kidogo tu, kwetu ilikuwa ni laini ya Jumatatu.

Mhariri, najua vijana wanaosoma barua hii wanajiuliza shaba iko wapi siku hizi. Nyingi imeibwa, nyingine imekufa, na faksi imebaki kuwa neno "Nukushi" kwenye vichwa vya barua za ofisi. Lakini malalamiko ya ndugu yangu wa Nyakato ni ya mwaka huu, si ya zamani. Ofisi zenye faksi zimehamia simu za intaneti, ambako sauti inakatwa vipande vidogo viitwavyo vipakiti, mara nyingi vya milisekunde 20. Kikipotea kimoja, faksi ya 14,400 imepoteza biti 288, na sikio halikuona kitu. Mbaya zaidi pale sauti inapobanwa kwa njia iitwayo G.729, biti 8,000 kwa sekunde: hiyo ilibuniwa kwa koo la binadamu, na milio ya faksi inatoka upande wa pili ikiwa uji. Ndiyo maana kukawa na T.38 tangu 1998, inayobeba faksi bila kuigiza kuwa ni sauti. Muulize muuzaji kama anaijua, utazame uso wake.

Na mashine za kadi, mashine za risiti za EFD, vishikwambi vya kuandikia wagonjwa kwenye zahanati za Ukerewe na Ukara, vyote vinaonyeshwa ofisini Dar es Salaam kwenye mtandao wa nguvu, halafu vinapelekwa mahali ambapo mtandao ni alama moja tu kwenye kioo, tena ukisimama juu ya jiwe. Kupima siku hizi ni rahisi kuliko enzi zangu. Hakuna haja ya kaseti. Kwenye kompyuta yoyote inayoendeshwa na mfumo wa Linux mna chombo cha bure kiitwacho netem: unaiambia icheleweshe vipakiti nusu sekunde, ipoteze vitano katika kila mia, ichanganye mpangilio, kisha unaunganisha kishikwambi kupitia hapo na kutazama. Je, rekodi ya mgonjwa imehifadhiwa mpaka mtandao urudi, au imepotea? Je, malipo yamekatwa mara mbili? Jaribio zima linakwisha kabla ya chai ya saa nne.

Ninachoomba ni kitu kidogo. Wanaoandika zabuni za vifaa vya Kanda ya Ziwa waongeze aya moja: kwamba kifaa kitajaribiwa mbele ya mnunuzi kwenye laini au mtandao ulioharibiwa kwa makusudi, na viwango vya uharibifu viandikwe kwa namba, vilivyopimwa huku na si vya kubuniwa mezani. Washindani wote wapite kwenye ubovu ule ule. Atakayesema kifaa chake hakihitaji jaribio hilo, mjumbe wa kamati aandike jina la kifaa na kugeuza ukurasa.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi: kisanduku changu bado kipo na kinafanya kazi, na simu za mezani za kujifunzia hazijaisha. Mkitaka mchoro, Mhariri ana namba yangu. Wanafunzi watakaokijenga waweke transfoma ya kutenganisha kati ya redio na laini, na wasishike waya mtupu wakati simu inaita, kwa sababu mlio wa kuita hufika volti 75 hadi 90, na hizo hazichagui fundi na mwanafunzi.

Wenu,
Fundi wa faksi na modemu, mstaafu,
Kirumba, Mwanza